Wapokeaji wa uloto na homa ya ini: Kinga inayoanzia nyumbani

Familia inapoambiwa kwamba uloto wa mmoja wao umeoana na wa mtoto mgonjwa, nyumba nzima hupumua. Baada ya miaka ya kulazwa, kuongezewa damu na kukesha kwa maumivu ya mifupa, neno "kupona" huanza kutajwa bila woga. Jamaa huchanga, dua husomwa, na macho ya wote huelekea kwenye siku moja tu, siku ya kupandikizwa. Ni haki yao kufurahi. Hata hivyo lipo jambo ambalo hupitiwa haraka mno katika mazungumzo ya familia, nalo ni homa ya ini aina B. Ugonjwa huu unazuilika kwa vipimo, vidonge na chanjo ambavyo vinajulikana na vimejaribiwa kwa miaka mingi. Usipozuiliwa, unaweza kuiharibu kazi yote ya upandikizaji hata mwaka mmoja au zaidi baada ya mgonjwa kurejea nyumbani akiwa na afya njema.

Makala haya yanaeleza kwa nini hali huwa hivyo, na nini kila mwanafamilia anaweza kufanya kabla ya upandikizaji, wakati wake na baada yake.

Tiba iliyosogea karibu

Uloto ni ule ute laini ulio ndani ya mifupa, ambako damu hutengenezwa. Humo huzaliwa seli nyekundu zinazobeba hewa, seli nyeupe zinazopambana na maradhi, na chembe sahani zinazogandisha damu mtu anapojikata. Mwenye selimundu, thalasemia au baadhi ya saratani za damu ana kasoro katika kiwanda hicho. Katika upandikizaji, madaktari hukivunja kiwanda cha zamani kwa dawa kali, pengine na mionzi, kisha huingiza seli mama za mtu mwingine kupitia mshipa, kama damu inavyoongezwa. Seli hizo huenda zenyewe hadi ndani ya mifupa na kuanza kazi upya. Wapo pia wagonjwa wanaorudishiwa seli zao wenyewe zilizovunwa mapema.

Daktari wa Kimarekani E. Donnall Thomas ndiye aliyetangulia katika njia hii. Majaribio yake kwa wagonjwa yalitangazwa mwaka 1957, na mwaka 1990 alitunukiwa Tuzo ya Nobel. Katika nchi za Ghuba, hospitali ya King Faisal ya Riyadh ilianza kutoa tiba hii mwaka 1984. Kwetu Tanzania, kwa muda mrefu familia zilizohitaji tiba hii zililazimika kusafiri, nyingi zikielekea India. Hali imeanza kubadilika. Hospitali ya Taifa Muhimbili ilianza kupandikiza uloto mwaka 2021, na mwaka 2023 Hospitali ya Benjamin Mkapa ya Dodoma ikaanza kuwapandikiza watoto wenye selimundu. Katika nchi ambayo hukadiriwa kuwa watoto wapatao 11,000 huzaliwa na selimundu kila mwaka, hii ni habari njema isiyo na kifani.

Lakini eneo letu ni moja ya maeneo yenye homa ya ini nyingi duniani. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kuwa mwaka 2022 watu milioni 254 walikuwa wakiishi na maambukizi sugu ya homa ya ini aina B, na kati yao milioni 65 walikuwa katika kanda ya Afrika. Mwaka huo huo ugonjwa huo uliua watu takribani milioni 1.1. Wengi wenye virusi hivyo hawajijui. Ndiyo maana swali la ini haliwezi kutenganishwa na swali la uloto.

Virusi vinavyolala

Virusi vya homa ya ini aina B huenezwa kwa damu, kwa tendo la ndoa, na kutoka kwa mama kwenda kwa mtoto wakati wa kuzaliwa. Umri wa kuambukizwa una uzito mkubwa. Mtoto mchanga anayeambukizwa, takribani mara 9 kati ya 10, hubaki na virusi maisha yake yote. Mtu mzima anayeambukizwa, kwa kawaida, mwili wake huvishinda ndani ya miezi michache, na ni chini ya watu 5 katika kila 100 wanaobaki navyo.

Lakini "kuvishinda" si sawa na kuving'oa. Hata kwa mtu aliyepona na ambaye kipimo cha kawaida hakioni chochote, chembe za urithi za virusi hujificha ndani ya kiini cha seli za ini. Kinga ya mwili huzilinda kama askari anavyomlinda mfungwa. Mtu huyo huishi, huoa, huzaa na kuzeeka bila kujua kwamba ana mfungwa ndani yake. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako.

Dawa zinazotumika kuandaa mwili kwa ajili ya uloto mpya humwondoa askari huyo. Baada ya hapo mgonjwa hupewa dawa nyingine za kushusha kinga, ili uloto wa mgeni na mwili wa mwenyeji visipigane. Katika kipindi hicho virusi huamka na kuzaliana kimya kimya. Mgonjwa hasikii lolote, kwa sababu maumivu ya homa ya ini hayaletwi na virusi peke yake, bali na kinga inapovishambulia ndani ya ini. Basi kinga mpya inapokua na dawa za kuishusha zinapopunguzwa, askari wapya huliona ini limejaa adui, nao hulishambulia. Hapo ndipo ini huvimba, na linaweza kufa ganzi ya kazi zake zote. Mgonjwa huumia wakati ule ambapo kila mtu anaamini kwamba amepona.

Yapo na madhara ya pili. Upandikizaji hufuta kumbukumbu ya chanjo za zamani. Mtoto aliyepata chanjo zake zote kliniki, na kadi yake imejaa mihuri, anaweza kutoka katika tiba hii akiwa hana kinga, sawa na aliyezaliwa leo. Akikutana na virusi upya, hana cha kujilinda nacho.

Vipimo vitatu, si kimoja

Hatua ya kwanza ya kinga ni kupima kabla ya dawa kali kuanza. Wengi wakisikia "nimepima homa ya ini", huwa wamepimwa jambo moja tu, yaani kama antijeni ya ganda la virusi imo katika damu. Kipimo hicho hueleza kama mtu ana maambukizi sasa. Kwa mgonjwa anayeelekea kupandikizwa, hakitoshi.

Kipimo cha pili hutafuta kingamwili dhidi ya kiini cha virusi. Hiki ndicho kinachofichua kama mtu amewahi kuambukizwa zamani, hata kama alipona bila kujua. Kipimo cha tatu hutafuta kingamwili dhidi ya ganda, ambacho huonyesha kama mtu ana kinga, iwe kwa kuchanjwa au kwa kupona. Pale kipimo cha kwanza au cha pili kinapoonyesha dalili, huongezwa kipimo cha kuhesabu chembe za urithi za virusi katika damu.

Majibu haya matatu yakisomwa kwa pamoja humweleza daktari mgonjwa yuko wapi. Asiyewahi kuambukizwa wala kuchanjwa huchanjwa mapema, ikiwa muda unaruhusu. Aliyewahi kuambukizwa hupangiwa dawa au ufuatiliaji wa karibu. Mwenye maambukizi sasa huanzishiwa dawa kabla ya kitu kingine chochote. Majibu mabaya hayamfungii mgonjwa mlango wa kupandikizwa. Huwaonyesha madaktari njia ya kupita kwa usalama.

Familia za wenye selimundu zina sababu ya ziada ya kusisitiza vipimo hivi, kwa kuwa wagonjwa wao huongezewa damu mara nyingi. Damu ya Mpango wa Taifa wa Damu Salama hupimwa homa ya ini, na jambo hilo limepunguza hatari sana. Lakini hakuna upimaji duniani unaoiondoa hatari yote, kwa maana maambukizi yaliyoingia siku chache tu zilizopita huweza kupita bila kuonekana.

Mtoaji naye apimwe, naye achanjwe

Ndugu wa baba mmoja na mama mmoja ana nafasi moja kati ya nne ya kuoana kikamilifu na mgonjwa. Pale ndugu asipopatikana, siku hizi baadhi ya hospitali hutumia hata mzazi ambaye ameoana kwa nusu. Hapa pana jambo ambalo familia nyingi hazilijui. Tanzania iliingiza chanjo ya homa ya ini aina B katika ratiba ya watoto mwaka 2002, na leo hutolewa ndani ya chanjo mseto akiwa na wiki 6, 10 na 14. Maana yake ni kwamba mtoto mgonjwa yaelekea alichanjwa, lakini baba yake, mama yake au kaka yake mkubwa aliyezaliwa kabla ya mwaka huo huenda hajawahi kuchanjwa kabisa. Anayetarajiwa kutoa uloto ndiye ambaye hana kinga.

Mtoaji hupimwa vipimo vile vile. Akikutwa hana virusi wala kinga, achanjwe upesi, na faida yake haiishii kwake. Seli za kinga zinazosafiri pamoja na uloto zinaweza kubeba kumbukumbu ya chanjo hiyo hadi katika mwili wa mpokeaji. Tangu miaka ya 1990 madaktari wameandika habari za wagonjwa waliokuwa na virusi sugu, ambao walivishinda baada ya kupokea uloto wa ndugu mwenye kinga. Si jambo la kutarajiwa kwa kila mtu, wala halichukui nafasi ya dawa. Lakini linaonyesha kwamba sindano anayochomwa kaka leo inaweza kuwa ngao ya mdogo wake kesho. Kwa kuwa ratiba ya kawaida ya mtu mzima ni dozi tatu katika muda wa miezi sita, ni busara kuanza mara tu familia inapoanza kupima uoanifu, bila kungoja tarehe ya safari ipangwe.

Je, mtoaji akikutwa na virusi? Kwanza hutafutwa mwingine. Asipopatikana, bado mlango haujafungwa. Mtoaji hupewa dawa hadi virusi vyake vishuke visionekane, mpokeaji huchanjwa, huweza kupewa imunoglobulini maalumu yenye kingamwili tayari, na hulindwa kwa vidonge. Ni uamuzi wa madaktari bingwa, unaopima hatari mbili na kuchagua iliyo nyepesi.

Lipo pia suala la adabu. Kijana aliyekwenda hospitali ili amsaidie dada yake anaweza kugundua siku hiyo kwamba yeye mwenyewe ana homa ya ini. Majibu hayo ni yake na ni siri yake. Si halali yakawa gumzo la ukoo wala kigezo cha kuvunjiwa posa. Wazee wa familia wana wajibu wa kumsitiri, na kuhakikisha kwamba naye anapata kliniki na matibabu, asije akasahauliwa kwa kuwa macho yote yako kwa mgonjwa.

Na wanaouliza hukumu ya kutoa uloto wajue kwamba Baraza la Kimataifa la Fiqhi ya Kiislamu, lililo chini ya OIC, lilijadili upandikizaji wa viungo katika kikao chake cha Jeddah, Februari 1988. Liliruhusu kuhamisha kutoka kwa mtu kwenda kwa mwingine kile ambacho mwili hukirejesha wenyewe, kama damu na ngozi, kwa sharti kwamba mtoaji ana akili timamu na uwezo kamili wa kuamua, na mipaka ya sharia inazingatiwa. Uloto nao hujirudisha wenyewe. Pale mtoaji anapokuwa mtoto mdogo, familia iwakutanishe wanazuoni na madaktari kabla ya kuamua.

Kidonge kimoja kwa siku, na hatari ya kukiacha

Kwa mwenye virusi, na mara nyingi kwa aliyewahi kuwa navyo, kinga kuu ni vidonge vya kuvizuia visizaliane. Vinavyopendekezwa zaidi leo ni entekaviri na tenofoviri. Lamivudini ilitangulia na bado hutumika baadhi ya mahali, lakini virusi huizoea kwa urahisi zaidi. Vidonge huanza kabla ya dawa kali za maandalizi, huendelea kipindi chote cha kushushwa kinga, na havikomi hadi ipite angalau miezi 12 tangu dawa za kushusha kinga zisimame. Kwa wengine ni zaidi ya hapo. Hata baada ya kuviacha, damu huendelea kupimwa, kwa sababu virusi huweza kuamka baadaye.

Hapa ndipo kinga nyingi zinapovunjikia. Mgonjwa amenenepa, amerudi shule, anacheza. Mzazi hujiuliza kidonge hiki ni cha nini. Wengine huacha kwa sababu ya gharama au umbali wa kliniki. Wengine huacha kwa aibu, maana tenofoviri na lamivudini hutumika pia kwa wenye VVU, na jirani akiiona chupa hunong'ona. Familia iyajue mapema maneno ya kujibu: dawa moja huweza kutibu maradhi mawili, na kidonge hiki kinalinda ini la mtoto wetu. Kuacha ghafla bila ruhusa ya daktari kunaweza kuwasha moto mkali zaidi kuliko ule wa mwanzo.

Ramadhani nayo huleta mtihani wake. Mgonjwa aliye katika miezi ya mwanzo baada ya upandikizaji ana ruhusa ya kutofunga, na kuitumia ruhusa hiyo si udhaifu wa imani. Aliyeruhusiwa na daktari kufunga hana sababu ya kuacha dawa, kwani vidonge hivi kwa kawaida humezwa mara moja tu kwa siku na nafasi yake inapatikana usiku. Aangalie tu masharti. Entekaviri, kwa mfano, hutaka tumbo tupu, saa mbili baada ya chakula na saa mbili kabla ya kingine, hivyo haimezwi katikati ya futari. Mpango huo upangwe na daktari tangu Shaaban.

Dalili za hatari ni uchovu usioelezeka, kichefuchefu, mkojo mweusi na macho kuwa ya njano. Lakini anayengoja dalili amechelewa. Vipimo vya ini na vya virusi huonyesha tatizo wiki nyingi kabla ya macho kubadilika. Siku ya kliniki isirukwe kwa sababu ya harusi wala msimu wa biashara. Na dawa za miti shamba, hata zile zenye heshima kubwa katika nyumba zetu, zisitumike bila daktari kujua, kwa kuwa ini linalotibiwa kwa dawa nyingi halihimili mzigo usiojulikana.

Kuchanjwa upya

Kwa kuwa kumbukumbu ya chanjo imefutika, mpokeaji huchanjwa upya. Kwa homa ya ini aina B, dozi tatu huanza kati ya mwezi wa 6 na wa 12 baada ya upandikizaji, kulingana na hali ya kinga yake. Mwezi mmoja au miwili baada ya dozi ya mwisho, hupimwa kama kingamwili imefika kiwango cha ulinzi, ambacho ni miliuniti 10 kwa mililita. Asiyefika hurudiwa, pengine kwa dozi kubwa zaidi.

Wazazi wasihofu kwamba chanjo itamwambukiza mtoto. Haina virusi hai. Ina kipande cha ganda tu, kinachotengenezwa kwa kutumia hamira. Chanjo zenye vimelea hai vilivyodhoofishwa, kama ya surua, ndizo husubiri, kwa kawaida hadi miaka miwili ipite na daktari aruhusu.

Nyumba inayomlinda mgonjwa

Homa ya ini aina B haienezwi kwa kula sinia moja, kupeana mikono wala kusimama safu moja katika sala. Kumtenga mwenye virusi ni dhuluma isiyo na faida. Inaenezwa kwa damu, na virusi vyake huweza kuishi nje ya mwili kwa siku 7 au zaidi. Kwa hiyo nyembe, mashine za kunyolea, vikata kucha, miswaki ya dukani na hata miswaki ya mti visichangiwe.

Desturi zetu nazo zifanywe kwa usalama. Ngariba atumie vifaa vilivyotakaswa au vipya kwa kila mtoto. Mtoboaji masikio vivyo hivyo. Mahujaji wanaonyoa baada ya ibada wadai wembe mpya uliofunguliwa mbele yao. Mpiga hijama asitumie wembe mmoja kwa watu wawili, na vikombe vyake visipite kwa mwingine na damu ya jana. Mgonjwa aliyepandikizwa uloto yeye asifanyiwe hijama kabisa bila idhini ya daktari wake, maana damu yake huenda haigandi vizuri na kinga yake ni changa.

Kilicho bora kuliko vyote ni watu wote wanaoishi naye kupimwa, na wasio na kinga kuchanjwa. Hapo virusi havitapata mlango wa kuingilia.

Familia inayokwenda kuonana na daktari wa uloto ibebe maswali manne yaliyoandikwa. Je, mgonjwa wetu amepimwa vipimo vyote vitatu? Je, mtoaji amepimwa na kuchanjwa? Ikiwa kuna vidonge, vinaanza lini na nani atatuambia viishe lini? Na chanjo zake zitarudiwa tarehe gani? Majibu yaandikwe nyuma ya kadi, na awepo mtu mmoja nyumbani aliyekabidhiwa kuzikumbuka tarehe hizo. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na ukuta wa ini haujengwi kwa urahisi.

Mwenyezi Mungu awape shifaa wagonjwa wetu, awalipe kheri wanaowatolea uloto wao, na atujaalie subira ya kuimaliza tiba kama tulivyokuwa na bidii ya kuianza.